Barua Kutoka Ukara

Mimi ni mwanamke wa Butiama, katika mkoa wa Mara. Ninalima mihogo, mtama na mahindi kidogo. Nina wajukuu. Nilipokuwa mtoto sikupelekwa shule. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la kisomo, kama wewe ndugu msomaji. Leo nataka kukupa habari za visiwa vya Ukerewe na Ukara, na habari za barua moja iliyonifikisha huko.

Huenda unakaa Musoma au Bunda na hujafika Ukerewe. Si mbali. Ukiwa Bunda mjini, unashika barabara ya kwenda Kibara. Unaendelea mbele mpaka Kisorya. Kisorya ni mwisho wa nchi kavu. Mbele yako ni maji, upana wake kama kilomita nne. Ng'ambo unaona nchi nyingine yenye miti na nyumba. Hiyo ndiyo Ukerewe. Kwa serikali, Ukerewe ni wilaya ya mkoa wa Mwanza. Lakini mtu wa Mwanza hukaa melini saa tatu na zaidi kabla ya kufika Nansio, mji mkuu wa wilaya. Sisi wa Mara tunavuka Kisorya kwa kivuko, tunashuka Rugezi, tumefika. Kwa hiyo mimi huwaambia watu kwamba Ukerewe ni jirani yetu kuliko wao.

Kisiwa cha Ukerewe ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Victoria. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 530. Hapo zamani wafanyabiashara waliotoka pwani waliliita ziwa lote kwa jina la Ukerewe. Kisiwa kilikuwa maarufu kuliko ziwa lenyewe! Kaskazini yake kuna kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Ukara haifiki kilomita za mraba 80. Huko ndiko alikoolewa dada yangu.

Shemeji yangu alikuwa akija Butiama kuuza dagaa na samaki wakavu. Alikuja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, mara ya tatu tukajua haji kwa sababu ya samaki. Baba alitaka ng'ombe. Shemeji alisema ng'ombe wa Ukara hawatembei, hivyo atanunua wa mahari huku huku kwetu. Tulicheka sana. Tulidhani anafanya mzaha. Ng'ombe gani hatembei? Nitakueleza baadaye. Walioana mwaka 1970, dada akaenda zake. Mama alilia siku mbili kwa sababu ya maji. Wazanaki si watu wa maji. Tulikuwa tukiliona ziwa kwa mbali tu, tunapokwenda Musoma.

Mwaka 1973 barua ikaja. Iliandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa kubwa. Aliyeileta alisema dada ameiandika mwenyewe kwa mkono wake. Hatukuamini. Dada alitoka kwetu hajui hata kushika kalamu. Lakini ilikuwa kweli. Siku ya mwisho ya mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza wilaya sita ambazo zingeanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma, katika mwaka 1971. Wilaya hizo zilikuwa Kilimanjaro, Ukerewe, Pare, Mafia, Masasi na Kisarawe. Mara haikuwemo. Dada yangu aliolewa katika wilaya iliyochaguliwa, akaingia darasani pamoja na wanawake wenzake, na mtoto mgongoni. Sisi tuliobaki kijijini kwa Mwalimu mwenyewe tulikuwa bado tunatia dole gumba kwenye wino.

Nyumbani hakuna aliyejua kusoma. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alimwita kijana mmoja wa jirani atusomee. Kijana yule alikuwa na haraka, alikuwa anakwenda mpirani. Alisimama mlangoni, akasoma: Mama shikamoo, sisi hatujambo, mvua imekuwa chache, muhogo haukukomaa, tunaomba kama kuna unga wa mtama mtusaidie. Akaikunja barua, akampa mama, akaondoka mbio. Mama alisaga mtama debe zima. Alimpa mchuuzi wa samaki aupeleke Ukara, pamoja na chumvi. Tukaona tumefanya vizuri.

Baada ya miezi mingi tukasikia kwa watu kwamba mtoto wa dada alikufa. Mama alihuzunika. Alisema, kwa nini hakutuambia? Dada naye hakuandika tena.

Barua ile tuliiweka katika kisanduku cha mama. Mwaka 1974, tulipohamia katika kijiji cha ujamaa, kisanduku kilihama nasi. Darasa la kisomo lilikuwa chini ya mwembe. Nikajiunga. Kitabu chetu kilikuwa cha kilimo cha pamba. Nilijua kusoma neno "pamba" kabla ya kujua kuandika jina langu. Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kisomo wa nchi nzima, nami nikaufanya. Wataalamu walituambia kwamba mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Baada ya mtihani ule wakabaki 39. Nikajiona mmoja wa wale waliotoka upande mmoja kwenda upande wa pili.

Vitabu vilikuwa vichache. Mtu aliyejua kusoma juzi husoma kila kitu: mfuko wa mbolea, kopo la dawa, karatasi ya kufungia sukari. Siku moja nilikumbuka barua ya dada. Nikaitoa katika kisanduku niipime elimu yangu. Nikasoma: Mama shikamoo. Nikasoma habari za muhogo na unga. Nikafika mwisho wa karatasi, nikaona sentensi haikuisha. Hakuna salamu za kwaheri, hakuna jina. Nikaigeuza.

Upande wa pili ulikuwa umejaa maandishi. Dada alikuwa ameandika kwamba mtoto anaumwa sana. Amekonda na hanyonyi. Alimwomba mama aje upesi, hata kama ni kwa siku chache. Alisema anaogopa kukaa peke yake na mtoto usiku, kwa kuwa mume wake anavua dagaa. Mwisho aliandika, "Mama usiache kuja."

Sisi tulimpelekea unga.

Ndugu msomaji, nilikaa na ile karatasi mpaka jua likazama. Nilitaka kumwambia mama. Nilimwona anatoka kisimani na ndoo kichwani, amechoka. Sikumwambia. Nikasema nitamwambia kesho, halafu kesho nyingine. Mama alikufa mwaka 1981 bila kujua. Dada alikuja mazikoni. Alikaa na wanawake wa upande mwingine, na siku ya pili akaondoka. Nilijua anafikiri nini. Alifikiri mama alisomewa yote, akakataa kwenda. Nami nilikuwa na jibu mkononi lakini niliona haya. Ukinyamaza jambo mwaka mmoja, mwaka wa pili kulisema ni kugumu zaidi.

Basi miaka ikapita. Tulionana misibani tu. Simu za mkononi zilipokuja tulipigiana siku za sikukuu, tukaulizana mvua na watoto.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, redio ikatangaza kwamba kivuko kimepinduka karibu na Ukara. Kivuko hicho kilikuwa na jina la mtu wa kijiji chetu: MV Nyerere. Kilitoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kikiwa karibu kufika Bwisya, Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokuwamo walizidi 200. Watu zaidi ya 220 walikufa. Waliookolewa walikuwa 41. Fundi mmoja wa mitambo alitolewa hai baada ya siku mbili, kwa sababu alijifungia katika chumba cha injini ambamo hewa ilibaki. Sisi watu wa ziwa tulikuwa tumeshaona msiba wa MV Bukoba, mwezi Mei 1996, ambao uliua mamia ya watu karibu na Mwanza. Tukasema tena, kama tulivyosema wakati ule.

Alhamisi ni siku ya gulio Bugolora. Dada yangu hakuwa akikosa gulio. Nilimpigia simu, haikuita. Nikampigia mwanawe, haikuita. Usiku ule na siku ya pili yake sikula. Nilikuwa nikiiona ile karatasi machoni, upande wa pili. Siku ya tatu asubuhi mwanawe akapiga. "Mama mdogo, mama yupo. Mguu ulikuwa unamsumbua, hakwenda." Niliketi chini pale pale uani. Nikasema moyoni, sasa nitakwenda.

Kusema ni rahisi. Nilikuwa naogopa maji kuliko zamani. Halafu mume wangu akaugua, halafu kukawa na ugonjwa wa korona. Nilikwenda Julai 2022.

Pale Kisorya nilisimama mbali na maji. Kijana mmoja wa kivukoni alinicheka, akasema, "Bibi, njoo, maji hayaumi." Nikamwuliza kama kuna makoti ya kuokolea. Akanionyesha yalipo. Nikavaa langu kabla ya kivuko kuondoka, nikalivua Rugezi. Abiria wengine walinitazama kama kichekesho. Nawe ukipanda, vaa. Acha watazame.

Toka Rugezi hadi Nansio tulipanda gari dogo lililojaa machungwa na kuku. Ukerewe ina mawe makubwa na udongo wa kichanga. Watu ni wengi: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 345,000 katika wilaya nzima. Mashamba ni madogo na yamesongamana. Chakula chao kikuu ni ugali wa muhogo kwa samaki. Nilisikia lugha nyingi garini. Wapo Wakerewe wenyewe, wapo Wajita waliovuka kutoka kwetu Mara, wapo Wakara, Waluo na Wasukuma. Kijita nilikielewa nusu, Kikerewe sikuelewa kitu. Wanasema ukoo uliotawala Ukerewe, yaani Wasilanga, ulitoka Ihangiro, upande wa Bukoba, ukavuka ziwa kwa mitumbwi. Chifu wao aliitwa Omukama. Uchifu ulifutwa nchini mwaka 1963, lakini jumba la machifu bado lipo Bukindo.

Omukama mmoja anayetajwa sana ni Lukonge. Mwaka 1875 msafiri Stanley alifika kwake, akapewa mitumbwi ya kuvusha watu wake kwenda Buganda. Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, palitokea ugomvi kisiwani, na wamisionari wawili Waingereza, Smith na O'Neill, wakauawa. Habari hizo zilifika mpaka Ulaya. Mimi nilipozisikia nilishangaa kwamba kisiwa tunachokiona karibu kilijulikana London kabla babu zangu hawajakifikia.

Lakini mtu wa Ukerewe niliyetaka hasa kusikia habari zake ni Aniceti Kitereza. Yeye aliishi Kagunguli. Alizaliwa mwaka 1896, alikuwa wa ukoo wa machifu, na alisoma kwa mapadri. Aliandika hadithi ndefu sana kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni mtu na mkewe wanaopendana ila hawana mtoto, na jamaa wanataka kuwatenganisha. Ndani yake ameweka desturi za Wakerewe: kulima, kuvua, kutibu, kunywa pombe, kuposa, kuzika. Alimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekitoa. Basi akakaa tena, akakiandika chote kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Kilichapishwa mwaka 1980, miaka 35 tangu alipomaliza. Alikufa mwaka 1981 kabla kitabu hakijamfikia. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Watoto aliozaa na mkewe walikufa wangali wadogo. Mpwa wangu aliponisimulia hayo garini, nilishika mkoba wangu. Barua ya dada ilikuwa humo, katika mfuko wa plastiki.

Kutoka Bugolora kwenda Ukara kuna kivuko kipya sasa. Nilifumba macho. Pale Bwisya niliyafumbua, na kitu cha kwanza walichonionyesha ni mahali walipozikwa pamoja baadhi ya watu wa mwaka 2018. Tulisimama kidogo tukaomba.

Dada alikuwa ananingoja chini ya mti, na fimbo yake. Amekuwa mdogo wa mwili, kama mama alivyokuwa.

Hapo ndipo nilipomwelewa shemeji na ng'ombe wake. Ukara ardhi ni haba na watu ni wengi tangu zamani. Mtu hana mahali pa kuchunga. Kwa hiyo ng'ombe hukaa ndani ya nyumba ya mwenyewe, katika shimo lililochimbwa sakafuni. Wanaletewa majani na maji humo humo. Majani wanayakata kando ya ziwa, ambako watu huchimba vishimo vifupi ili maji yapenye na nyasi zikue hata wakati wa kiangazi. Kinyesi na majani yaliyooza hujaa shimoni. Kisha hupakuliwa, hubebwa kichwani kwa vikapu, humwagwa shambani. Zamani walikuwa wakipanda uwele, na katikati ya uwele wanatupa mbegu za marejea. Uwele ukivunwa, marejea yanabaki, yanakua, halafu yanafukiwa udongoni yawe mbolea. Msimu mwingine wanapanda njugu mawe. Kila mti una mwenyewe. Hata kuni zina hesabu. Mwaka 1936 wataalamu wawili wa kilimo wa Kiingereza waliandika maelezo juu ya kilimo hicho, kwa sababu walistaajabu. Watu wa Ukara walikuwa wakifanya hivyo bila kufundishwa na bwana shamba yeyote.

Nilimwambia dada, sisi Butiama tunalala na njaa huku mbolea inakauka zizini. Akasema, "Nyinyi mna nchi ya kuchezea." Sikuwa na la kujibu. Tangu niliporudi ninabeba mbolea, na majirani wananiona nimechanganyikiwa. Muhogo wangu wanauona pia.

Kuhusu samaki aliniambia kwamba furu tuliokuwa tunaletewa na shemeji hawapatikani kama zamani. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, wakaongezeka sana miaka ya 1980, wakawala. Sangara anakwenda kiwandani, kisha Ulaya. Mvuvi anabaki na dagaa.

Usiku wa pili, tulipokuwa peke yetu na ng'ombe anacheua katika shimo lake, nilitoa ile barua. Sikuwa na maneno. Nilimpa tu. Alivaa miwani. Aliusogeza karibu na taa. Alitambua mwandiko wake, akaanza kucheka. "Tazama nilivyoandika 'shikamoo'. Herufi moja imeruka." Kisha akaigeuza, akanyamaza.

Nikamwambia yote. Kijana wa jirani, mlango, mpira, unga. Nikamwambia niliujua upande wa pili mwaka 1975, na sikusema, mwaka huo wala mazikoni. Nikamwambia kosa la kwanza halikuwa letu, la pili ni langu peke yangu.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani ataniambia niondoke asubuhi. Kisha akauliza, "Mama alisikia upande huu?"

"Hakusikia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, dada. Alikuwa akiuliza kwa nini hukutuambia."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. Akasema, "Daftari lilikuwa langu la kisomo. Ukurasa ulikuwa wa mwisho. Ndiyo maana niligeuza." Akasema tena, polepole, "Miaka yote hii nilimkasirikia mama."

Akaniomba nimsomee yeye, kwa sauti, toka mwanzo mpaka mwisho, pande zote mbili. Nilisoma. Sauti ilinikatika mara mbili, naye alingoja. Nilipomaliza alichukua karatasi, akaikunja, akaiweka katika Biblia yake.

Alfajiri aliniamsha kwa fimbo. Alinipa mundu na kikapu. "Mdogo wangu, amka. Hapa ng'ombe hatembei, sisi ndio tunaotembea." Tukashuka ziwani kukata majani.